Kope za Mama

Nimerithi jina la bibi yangu mzaa mama, kwa hiyo mama aliniita "mama" tangu nilipozaliwa. Aliniita hivyo akinibeba mgongoni, akaniita hivyo pia akinichapa. Utotoni nilijiuliza ni mtu gani huyu anayemchapa mama yake kwa ufito na bado anapata usingizi.

Tuliishi upande wa Zuzu, kwenye tembe la udongo lenye mlango mfupi, wakati Mwingereza bado anatawala. Baba alifanya kazi kwenye genge la reli na kurudi mwisho wa mwezi. Dada zangu walikuwa wameshaolewa. Siku nyingi nyumba ilikuwa yetu wawili.

Mwaka mmoja wa ukame nilivunja mtungi nikitoka kuchota maji kwenye visima vya mchangani, kule korongoni. Siku hiyo mama hakunichapa. Alinipa kibuyu kidogo cha kunywea uji, akaniambia nirudi na jua lile la saa sita, niende na kurudi mpaka yatimie maji ya mtungi mzima. Nilikwenda mara tisa. Mara ya tisa nyayo zilikuwa zimepasuka, natembea kwa visigino. Jioni akanikalisha, akanipaka samli aliyokuwa akimwekea baba, machozi yakimtoka. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema. Yeye hakuchelea kilio changu hata siku moja, na bado akalia. Nilimchukia, na sikutaka aache kunipaka.

Mama alikuwa na vikope. Wengi kwetu walikuwa navyo, kwa vumbi, nzi na uhaba wa maji ya kunawa. Kope zinageukia ndani, na kila ukipepesa zinakwaruza mboni. Dawa yake ilikuwa kuzing'oa moja moja kwa kikoleo kidogo cha chuma, kazi inayotaka macho mazuri na mkono mwepesi. Mkono huo ulikuwa wangu. Kila baada ya siku nne au tano alilaza kichwa mapajani mwangu, pale mlangoni penye mwanga wa asubuhi, nami nikang'oa. Hapo alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinisimulia utoto wake, akaicheka pua yangu, akasema hajaona mkono usiouma kama wangu. Mimi nilibana pumzi nisije nikamchoma.

Nilipokaribia miaka kumi na mitatu, mwalimu mmoja wa kike wa misheni alikuja kwa miguu kuniombea ruhusa nikasome bwenini. Herufi nilikuwa nimezijua kwenye mafundisho ya dini. Nilijibanza nyuma ya mlango nikisikiliza.

"Shikamoo, mama," mwalimu alisema. "Binti yako ana akili. Tupe tumsomeshe."

"Marahaba. Akili?" Mama akacheka. "Huyu mpaka leo anakojoa kitandani, mwalimu. Atawaozeshea magodoro."

Ulikuwa uongo mtupu. Mwalimu alinitupia jicho la huruma, akanywa maji aliyopewa, akaaga. Nilipomuuliza mama kwa nini amesema vile, hakuzunguka.

"Ukienda, nani atanitoa kope?"

Siku ya kung'oa ilipofika nilimwambia kidole kinaniuma. Alikishika kile kidole, kizima kabisa, akakigeuza huku na huku, akasema, "Haya." Siku tano baadaye sikusema hata hilo, na yeye hakuniambia neno. Ulikuwa mwezi wa nane, upepo wa kiangazi unatimua vumbi mchana kutwa. Nilimwona akijaribu mwenyewe kwa kupapasa, akajitoa damu. Angeweza kumwita jirani, hakumwita. Nilimwona amelifunga jicho la kulia kwa kipande cha kaniki, anatwanga uwele, mchi unagonga ukingo wa kinu. Kikoleo nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la nguo yangu. Nikajiambia, akiniomba tu, namng'oa kope papo hapo. Aombe mara moja tu.

Baba aliporudi alikuta jicho limeweka chamba cheupe. Tulikwenda mjini kwa gari moshi. Dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, alimfunua jicho, akauliza kope hizi zimeachwaje mpaka zikafika huku. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika kikapu chake.

"Vumbi," mama alijibu. "Kiangazi cha mwaka huu kibaya."

Jicho halikupona. Shule sikwenda.

Jicho la kushoto nilirudi kuling'oa kope, nikaendelea miaka zaidi ya kumi, hata nilipoolewa, nikitembea asubuhi na mapema kuwahi mwanga. Majirani walinisifu kwamba nampenda mama yangu. Walisema kweli, nami niliona haya kuliko kama wangenitukana. Nasikia watu wakisema penye mapenzi ukatili haukai. Sijui wao walilelewa wapi. Kwetu vyote viwili vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, naye mara nyingine alikuwa mama na mara nyingine alikuwa mimi.

Nilipojifungua mtoto wa pili, mama alikuja kunitunza. Siku moja tulikaa tunabangua karanga, nikashindwa kuendelea kukaa na lile neno.

"Mama, kidole changu hakikuwa kinauma. Ile mara jicho lilipoharibika."

Hakuacha kubangua. "Najua. Nilijua siku ileile."

"Sasa mbona hukuniomba? Mbona hukumwita hata jirani?"

Alipuliza maganda kwenye ungo.

"Nilikukosea kwa yule mwalimu," alisema. "Nikasema moyoni, kama bado ananipenda, atakuja mwenyewe. Nikangoja." Akanigeuzia uso, upande ule wa jicho linaloona. "Hata giza lilipoingia jichoni, mwanangu, nilikuwa bado nangoja."