Rangi Huchaguliwa na Anayefua

Katika miaka yote niliyoshona nguo za watoto, kuna agizo moja la bosi ambalo nilipaswa kulikataa. Niliambiwa nilitie rangi ya kahawia gauni la njano la binti yangu Paskalina, nami nikakubali siku hiyo hiyo.

Kazi niliianzia Dongobesh, nilipomaliza kidato cha nne. Siku ya kwanza Fundi Mkuu alinipa karatasi ya mfuko wa saruji iliyochorwa mistari, akaniambia niipitishe kwenye cherehani isiyo na uzi, sindano ifuate mistari.

"Shikamoo fundi," nilisema baadaye, "nguo nitashona lini?"

"Marahaba. Sindano ikiacha kulewa."

Ilichukua wiki mbili. Kisha akanifundisha akiba ya pindo, yaani kitambaa cha ziada kinachokunjwa chini ya gauni ili mama akifumue mtoto anaporefuka. Gauni zuri la mtoto, alisema, huvaliwa Krismasi tatu.

Nilizunguka minada ya Masieda na Hirbadaw na cherehani begani, halafu nikapata nafasi Katesh kwa Mwenye Duka. Yeye aliuza vitambaa, mimi nilishona barazani kwake. Wazazi wa kwetu walikuwa na desturi ya kununua jora moja, yaani kitambaa kizima kwenye mkunjo wake, na kuvalisha watoto wote sare siku ya sikukuu. Mwenye Duka alipenda kahawia, kwa kuwa vumbi letu halionekani juu yake. Mimi ndiye niliyewashawishi wateja.

"Fundi, huyu analilia nyekundu," mama mmoja wa Gitting aliniambia, amemshika mwanawe mkono.

"Mtoto achague pipi, mama. Rangi huchaguliwa na anayefua."

Watu walicheka, na msemo ukanipatia jina.

Nyumbani sikuufuata. Paskalina alipofikisha miaka tisa nilimwambia achague mwenyewe rangi ya gauni, akachagua njano iliyokolea kama ua la alizeti, nikanunua kitambaa mnadani nikamshonea. Jumapili alikwenda nalo kanisani. Jumatatu Mwenye Duka akaniita ndani.

"Yule wa njano ni wako?"

"Ni wangu, bosi."

"Asubuhi hii wamekuja akina mama watatu, wote wanataka njano. Njano sina! Nina majora tisa ya kahawia pale juu. Wewe unawakataza wenzako, kwako unaruhusu?"

"Ni mtoto tu, bosi."

"Kwani hao wengine ni wazee? Litie rangi. Jumapili avae kahawia, tuone nani ataulizia njano tena."

Hakusema atanifukuza. Niliogopa tu. Jioni nilichemsha maji uani, nikatia unga wa rangi na chumvi ya kuishikisha, nikalitumbukiza gauni. Paskalina alitoka kuchota maji, akanikuta nakoroga kwa mti.

"Baba, si uliniambia nichague?"

"Nilikuambia. Sasa nimeamua mimi."

Alitazama ndani ya sufuria. "Lakini hilo nalifua mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Kila Jumapili alasiri alilifua peke yake, hakutaka mama yake aliguse.

"Usinijibu," nikamwambia.

Aliinua ndoo akaenda kuchota maji. Jumapili alivaa kahawia bila kununa, nami nikajisifu kwamba nina mtoto msikivu.

Miaka miwili baadaye nilijenga nyumba ya bati. Nilikuwa nimeshaanza kujuta, nikanunua rangi ya maji, ile ya kupaka ukutani, nikamuuliza chumba chake nikipake rangi gani. "Yoyote tu, baba," akasema. Nilimwuliza mara tatu. Nikapaka nyeupe.

Macho yameniacha, cherehani nimempa fundi mwingine. Wazazi vijana bado huja kuniuliza mtoto aachiwe uhuru kiasi gani. Sisemi atawale nyumba. Sweta la baridi ya mlima halina mjadala, sare ya shule haina mjadala, na gauni lisilofunika magoti mzazi ana haki ya kulikataa. Lakini rangi ya nguo ya Jumapili haimuumizi mtu. Ukimruhusu mtoto achague, usimnyang'anye kwa sababu ya macho ya watu.

Paskalina sasa ana watoto wake. Hupiga simu kila wiki, hunipa shikamoo, huuliza miguu inaendeleaje. Alipotaka kusomea uuguzi alimwambia mama yake. Mchumba wake nilimjua siku ya kuletewa barua ya posa. Mwaka juzi alilazwa akafanyiwa upasuaji, nami nikaambiwa alipokwisha kurudi nyumbani. Namuuliza anahitaji nini, anasema hahitaji kitu.

Kazi yangu haikupotea. Nilichopoteza ni hiki: tangu jioni ile, mwanangu hajawahi tena kuniambia jambo analolitaka.