Kikao cha Aliyekwisha Ondoka

Ipo siku moja naikumbuka kila nipitapo mtaa wa Kanyenye, ilipokuwa maabara yetu, mwanangu: siku niliyoandikiwa barua ya onyo na sikuijutia. Nisikilize kabla hujaambiwa na wengine kwamba shangazi yako alikuwa mkaidi. Nilikuwa, na bado.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimeajiriwa na maabara ya kupima kifua kikuu. Nikaandika programu ya seva ili zahanati za vijijini zipokee majibu kwa mawasiliano ya siri. Nilitumia maktaba ya programu, yaani vipande vya programu vilivyo tayari, waliyoandika wengine. Zahanati ikiingia, seva inaifungulia kikao chake, yaani nafasi yake ya mazungumzo, na ndani ya kikao njia mbili: moja ya kupokea majibu, nyingine ya kutuma majina ya wagonjwa. Lini ufungue na lini ufunge, hayo ulijiamulia mwenyewe.

Kufungua nilijua. Kufunga nilikataa. Nimelelewa katika nyumba ambayo mgeni akinyamaza barazani haulizwi ataondoka lini. Analetewa kahawa nyingine. Basi nikaiamuru seva isimfungie mtu kikao eti kwa sababu yuko kimya. Nikajiona nina adabu kweli.

Lakini mtandao wa vijiji vya Kigwa na Tura ulikuwa ukikatika kila mara. Zahanati inapotea, inarudi, inafunguliwa kikao kipya, na kile cha zamani kinabaki kimeshika nafasi. Kufika saa nne asubuhi ya siku hiyo seva imejaa. Nyamizi, muuguzi wa Tura, akanipigia simu.

"Dada, naomba kuingia, nakataliwa. Nina mama hapa anakohoa damu na treni yake iko karibu. Bila majibu simwanzishii dawa, na akiondoka harudi huyu."

Kumsomea majibu kwenye simu kulikatazwa. Mkuu wa maabara akaamuru mashine ya seva izimwe, iwashwe upya. Tura wangeingia, sawa, ila Kigwa walikuwa katikati ya kutuma majina, na majina yale yangepotea. Mzee Hamisi, fundi wetu, akanigeukia taratibu.

"Binti yangu, unamkirimu nani? Hao wameshaondoka. Aliye mlangoni ndiye uliyemnyima kiti."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Kisha nikasimama mbele ya swichi.

"Mkuu, heshima yako naijua," nikamwambia mkuu, "lakini hii haizimwi."

Nikaviendea vikao kimoja kimoja kwenye kompyuta. Aliyenyamaza nilimuuliza kama yupo. Asiyejibu nikafunga njia zake, kisha kikao chenyewe. Kigwa hawakuguswa. Nyamizi akaingia, na yule mama akameza dawa yake ya kwanza treni ikipiga honi. Barua ya onyo niliipata kabla ya chakula cha mchana.

Sasa wewe unaandika seva zako. Anayenyamaza muulize kama yupo, mara mbili, mara tatu. Asipojibu, mfungie bila kuona haya, maana nafasi yake ina mtu anayeisubiri. Lakini aliye katikati ya maneno usimkate, hata aamuru nani. Wakikuandikia barua, ipokee kwa mikono miwili, uitie sahihi, urudi kazini.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kufunga, mwanangu, na shingo ngumu ya kukataa.