Wimbo Aliouanzisha Wangeci

Mzee Mbuthia ana duka mtaani Langas, na kwa miaka mingi kila Jumapili alisimama kanisani kushuhudia. Hakuwa na maneno mengi. Alisema ameokoka, anampenda Yesu, kisha akashukuru kwa mvua, afya na wateja wa wiki hiyo.

Kanisani kwetu, mtu akimaliza kushuhudia haketi hivi hivi. Mmoja wetu humwanzishia wimbo, naye huketi watu wakiimba. Wa Mbuthia ulianzishwa na mkewe Wangeci, kutoka benchi la akina mama, juu kabisa, kwa sauti nyembamba iliyowashinda wengi. Mzee aliingia mstari wa pili, kanisa likafuata.

"Siku moja uanzishe mwenyewe," watu walimtania.

"Nani? Huyu?" Wangeci alicheka. "Hata panya wa dukani watahama!"

Wangeci alizikwa Aprili, watu wakipanda mahindi. Tangu hapo Mbuthia alifika ibadani mapema kama kawaida, lakini wakati wa ushuhuda aliinamisha kichwa. Alimwambia mchungaji kwamba kama hawezi kumshukuru Mungu mbele ya watu, hajui tena kama anamwabudu au anakuja tu kuketi.

Jumapili iliyopita alisimama.

"Bwana asifiwe."

"Ameni!"

"Mimi ni Mbuthia. Nimeokoka. Nampenda Yesu." "Namshukuru Mungu kwa ajili ya Wangeci."

Basi. Akabaki amesimama, macho kwenye benchi la akina mama.

Hakuna aliyeanzisha. Wimbo tuliujua sote, ila kuuanzisha kulionekana kama kuvaa leso ya marehemu. Ndipo mzee akaanzisha mwenyewe. Alianza juu, pale pale alipoanzia mkewe, kwa maana hakuwahi kuusikia ukianzia mahali pengine. Sauti ikakatika kabla mstari wa kwanza haujaisha. Mstari wa pili, ule wake, hakuufikia. Akaketi, na mchungaji akaomba.

Nje, tukisalimiana, Nanzala, anayeuza mboga karibu na duka la mzee, alimshika mkono.

"Mzee, nisamehe. Jumapili ijayo nitakuanzishia mimi."

"Hapana, mama. Ni wangu sasa. Nitaanzia chini kidogo."

Jumatano nilienda dukani kununua sukari. Alikuwa kule nyuma akipanga kreti za soda, hakunisikia nikiingia. Alianza wimbo chini, kwa sauti yake nzito. Baada ya maneno machache akaacha, akatikisa kichwa kama mtu aliyepotea njia. Akaanza tena, juu, pale pa Wangeci. Sauti ikakatika. Akainua kreti nyingine, akaanza tena pale pale.

Nilirudi nje, nikasubiri mlangoni.