Siku Niliyomkanyagia Shemeji Breki

Mume wangu aliniachia gari likiwa tayari linavuma. Mvumo ulitoka gurudumu la mbele la kushoto, mdogo kwanza, kama wa kinu cha posho kinachosikika kutoka mtaa wa pili, kisha ukakua hadi niliowabeba wakawa wanapaza sauti ili wasikilizane. Chanzo chake nilikijua. Mto ulipofurika na maji yakakata barabara upande wa Minjila, yeye ndiye aliyeshika usukani, akapita majini mara nyingi kuliko ilivyofaa, akiwatoa watu na magodoro yao katika vijiji vya chini. Maji yakaingia penye beringi, grisi ikaoshwa, tope likabaki. Siku zile figo zake nazo zilikuwa zinaharibika, ila hilo hatukulijua bado.

Gari lenyewe ni la kawaida, dogo, lenye nyuma ndefu ya kubebea mizigo. Tulilinunua sote wawili. Yeye aliuza kiwanja chake cha Hola, mimi nikauza mbuzi wangu wote pamoja na mpunga niliokuwa nimeuweka kwa misimu kadhaa. Alinifundisha kuliendesha mwenyewe, wakati wa kiangazi, kwenye uwanda ulio nje ya Garsen, ng'ombe wakitutazama. Tulipomzika kwao Golbanti nilirudi Garsen, nikakaa kitambo, kisha nikaliwasha. Nilibeba ndizi, maembe na kambare kutoka vijijini hadi sokoni. Mama mjamzito akizidiwa, nilipigiwa simu mimi. Wako waliosema mjane hapaswi kuonekana nyuma ya usukani upesi hivyo. Niliwaacha waseme, kwa sababu hao hao ndio walionipungia mkono barabarani mvua iliponyesha.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa akifanya kazi kwenye gereji moja Malindi. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga kwangu. Basi Jumamosi moja asubuhi nikasikia pikipiki imesimama uani, nikatoka, nikamwona anashusha sanduku la vifaa. Pikipiki ya pili ilikuwa imembeba mama yao, mama mkwe wangu, mtandio umejaa vumbi.

"Shemeji, nimesikia gari inalia," akasema. "Nimekuja nikutengenezee. Beringi nimenunua mwenyewe, usijali."

Nilishukuru hadi nikaona haya. Tangu nifiwe, watu wa upande ule walinipigia simu kuuliza habari za gari zaidi ya habari zangu, na hapa amekuja mtu na mkono wake. Nilimpikia chai ya tangawizi. Mama mkwe nilimtandikia mkeka kivulini, akaomba nazi azikune ili asikae bure.

Kazi ya kubadilisha beringi, shemeji alinieleza, si ngumu ikiwa nati ya katikati itatoka. Ni nati moja kubwa iliyo katikati ya gurudumu, ndiyo inayoshika ekseli isichomoke. Alibandua kifuniko, akanionyesha. Sikuona nati. Niliona donge la kutu, jekundu kama udongo wa kichuguu.

"Maji ya mafuriko haya," akasema. "Imeshikana."

Alikwangua kwa brashi ya waya hadi pembe zikaonekana. Ukingo wa nati ulikuwa umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa ekseli ili isilegee, akauinua polepole kwa tindo. Hakulipandisha gari kwenye jeki. Alisema nati kama ile huvunjwa nguvu gurudumu likiwa chini, uzito wote wa gari ukisaidia kulizuia, na mtu akiwa ndani amekanyaga breki. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikakanyaga. Yeye alivisha soketi kwenye nati, akachomeka mpini, kwenye mpini akaingiza bomba refu la chuma, akapanda juu yake kwa miguu miwili, akijishikilia kwenye paa la gari.

"Kanyaga, shemeji!"

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga kama unaua nyoka!"

Nikakanyaga hadi goti likatetemeka. Gari lote liliinama upande mmoja, chuma kikalia, nikadhani imetoka. Kumbe ni bomba lililokunjika. Shemeji alianguka matakoni kwenye vumbi, mimi nikacheka. Yeye naye akacheka. Ulikuwa muda mrefu sana kicheko hakijasikika katika ua ule. Alicheka kama kaka yake, kwa kufumba macho, na nilipoona hivyo nilishika usukani, nikalia. Aliniacha nilie. Baadaye akaja dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi namkumbuka." Naamini hilo lilikuwa kweli. Ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hilo lilikuwa kweli.

Tukamwagia nati dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, tukaiacha inywe. Tukanywa chai tena. Tulipojaribu mara ya pili soketi ilipasuka. Alikwenda mjini akarudi na nyingine nene zaidi, nayo ikaanza kuteleza, ikila pembe za nati badala ya kuizungusha. Jua lilikuwa juu ya vichwa. Mama mkwe akaweka mbuzi ya kukunia pembeni.

"Kama imekataa, iacheni," akasema. "Labda Mungu hataki."

"Mama, ikiachwa hivi gurudumu litachomoka barabarani," nikamwambia. "Nitaua watu."

Alinitazama, halafu akamtazama mwanawe. "Haya," akasema, akarudi kwenye nazi yake.

Tukamwita mtu wa kuchomelea vyuma, akaja na mtungi wake wa gesi kwenye mkokoteni. Shemeji alilipandisha gari kwenye jeki, akatoa gurudumu ili nafasi ipatikane. Nati ikapigwa moto hadi ikawa nyekundu, ikagongwa, ikamwagiwa maji, ikapigwa moto tena. Mimi bado nilikuwa kwenye breki, kila walipojaribu kuizungusha. Haikusogea. Mwisho shemeji akasema hakuna njia ila kuipasua. Mchomeleaji aliichonga upande mmoja kwa mashine ya kukatia, cheche zikiruka hadi mlangoni, akaacha kidogo tu ili asiguse nyuzi za ekseli. Shemeji akaweka tindo kwenye ufa, akapiga nyundo. Pa! Nati ikafunguka kama njugu.

Nilishuka nikapiga vigelegele. Majirani walichungulia juu ya ua kuona kuna harusi gani.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Habu, kile kitovu cha gurudumu, ilitolewa, beringi ya zamani ikapigwa nyundo hadi ikatoka vipande vipande, gololi zake zimeliwa zote na kutu. Mpya ikapakwa grisi, ikaingizwa taratibu kwa kugongwa pembeni, nati mpya ikakazwa, gurudumu likarudi. Nilimmwagia shemeji maji anawe, nikamwambia wali wa nazi na samaki u tayari.

"Nikaijaribu kwanza," akasema. "Nafika Minjila nageuza. Nataka nisikie kama bado inavuma."

Nikampa ufunguo. Hata kiti nilimpangusia kwa leso yangu, kwa sababu nilikuwa nimekikalia siku nzima na vumbi langu. Alitoka uani polepole, akapiga honi mara moja barabarani, akaenda.

Nilipakua chakula nikakifunika. Kilipoa. Nikapiga simu, haikushikwa. Nikaanza kuogopa ajali, nikawaza pengine tulikosea kukaza nati, pengine amelala mtaroni na gurudumu limeruka. Nilivaa viatu nitafute pikipiki nimfuate. Ndipo nikatazama mahali alipokuwa akifanyia kazi. Sanduku la vifaa halikuwepo. Jeki haikuwepo. Hata lile bomba lililokunjika alikuwa amelichukua.

"Kaa chini, mwanangu," mama mkwe akasema nyuma yangu. "Hatarudi."

Sikumwelewa. Nilimuuliza ana maana gani.

"Wazee walikaa. Wakasema gari ni la kwao, ni jasho la mtoto wao, lirudi nyumbani."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu asubuhi? Unakuna nazi yangu na unajua?"

"Niliambiwa nije nikae na wewe," akasema, macho chini. "Usije ukafanya fujo barabarani. Mimi ni mwanamke kama wewe. Ningesema nini mbele ya wale?"

Sikumtukana. Watu niliowasimulia baadaye walishangaa kwa nini sikumtukana. Mama yule alininawisha uso nilipozirai kaburini, alinilisha uji kwa mkono wake wiki nzima, na sasa alikuwa ameketi kwenye mkeka wangu akinilinda kama mlinzi wa benki. Tena kulikuwa kumeshachelewa na hapakuwa na usafiri wa kumrudisha Golbanti, kwa hiyo ilinibidi nimtandikie kitanda, nimpe shuka safi, nimsikie akisali upande wa pili wa pazia.

Nilikwenda kwao. Nilikaa mbele ya wazee wa ukoo, nikasema nusu ya gari ni mbuzi wangu na mpunga wangu. Mmoja wao, mtu wa heshima anayesoma masomo kanisani, akaniambia bila ukali wowote, "Wewe bado ni kijana. Kesho utaolewa. Gari la mtoto wetu liende kwa mume mwingine?" Mwingine akaongeza kwamba kama ningekuwa na mtoto, wangefikiri vingine. Hatukujaliwa mtoto, mimi na mume wangu, na kila aliyekaa pale alijua tulivyohangaika hospitalini. Shemeji alikuwepo. Alikuwa anachezea funguo. Gari lilikuwa nje, limeoshwa.

Kwa chifu nilikwenda pia. Aliniambia mambo ya familia humalizwa nyumbani. Wakili wa kule Malindi aliniambia nina haki, akanieleza njia ndefu ya kuipata, nami nimeianza. Hatua zake ni za kinyonga.

Siku hizi kambare wangu wanasafiri kwa pikipiki, ndani ya gunia lililolowa maji. Kuna asubuhi moja ya joto nilikuwa njia panda ya Minjila na mzigo wangu, dereva wa pikipiki niliyemwita hajatokea, samaki wanaanza kulegea. Gari letu likasimama mbele yangu, shemeji kwenye usukani. Walikuwa wamelipaka mstari wa buluu ubavuni na kuweka kiti cha ziada nyuma. Nilisikiliza injini ikiunguruma. Upande wa kushoto ulikuwa kimya, hakuna hata chembe ya mvumo. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri, siwezi kumnyima hilo.

"Shemeji, panda mbele," akasema. "Nikusogeze Garsen. Wewe hulipi."

"Nenda."

"Jua kali hili. Samaki wataoza."

"Waoze."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyemkaribisha mgeni chai akakataliwa. "Bado una kinyongo, shemeji? Mambo ya wazee yale, si yangu mimi."

"Siku ile ulinikalisha kwenye breki tangu asubuhi," nikamwambia. "Wazee hawakuwepo."

Abiria wake walikuwa wakitutazama. Akaingiza gia, akaondoka.

Samaki niliwauza bei ya kutupa mchana ule, waliobaki nikawakausha. Mama mkwe hunipigia simu Jumapili baada ya ibada. Huniuliza kama nimekula, huniambia mguu wake unamsumbua, huniambia mto umejaa au umepungua. Namjibu salamu zote, kwa adabu, kama nilivyolelewa. Hajawahi kuomba radhi, nami sijamuuliza lolote, na akikata simu huwa nakaa na ile simu mkononi kwa muda, nimekasirika sana, sijui niipige ardhini au nimpigie tena.