Foronya Tatu za Kimya

Saa saba na dakika tano mchana, mashine tatu za kufulia za hoteli zinanguruma, na Mama Povu anaegemeza simu yake kwenye ndoo ya sabuni. Simu inaanguka. Anaiegemeza tena, anaifunga kwa kamba ya kuanikia, anaitazama kwa jicho la onyo.

"Ukianguka tena nakufua," anaiambia.

Ni saa ya chakula. Wenzake wanakula, yeye anaingia darasani mtandaoni. Ana miaka arobaini na sita, kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia humu ndani, na kila siku mashuka mia mbili na arobaini hupita mikononi mwake. Nafasi ya msimamizi wa dobi iko wazi, mshahara unazidi wake kwa theluthi. Sharti ni cheti cha kuzungumza Kiingereza. Mtihani ni Alhamisi hii, na cheti hutumwa kwa simu jioni ile ile. Ijumaa maombi yanafungwa.

"Nimewafundisha kazi wasimamizi wawili," anasema. "Wa tatu niwe mimi. Nimechoka kuwa mkunga wa vyeo vya watu."

Darasa lina wanafunzi kumi kutoka nchi sita, kila mmoja na mambo ya kwao. Yupo dereva wa lori anayebishana na mwalimu hata kuhusu tarehe. Yupo muuguzi anayeomba radhi kabla ya kufungua kinywa na baada ya kukifunga. Mama Povu yeye huingia na salamu: mmeamkaje, watoto, kazi, wazazi, mvua. Kwao mtu haanzi neno kabla ya kujuliana hali. Zikiisha salamu, robo ya kipindi imekwenda na maji.

Mtihani ni wa wawili wawili: mazungumzo ya dakika kumi, alama moja kwa wote. Yeye alipangiwa mwoka mikate wa nchi ya baridi, aliyekaa wiki tatu kwenye kioo cha simu kama picha ya pasipoti.

"Namsalimia, kimya. Namuuliza mkewe hajambo, kimya. Nikasema huyu ananidharau kwa sababu ya ndoo. Kwetu hata mbuzi ukimwita anageuka!"

Mpiga pasi, jirani yake wa meza, akachochea moto. "Dada, huyo si mwanafunzi, ni shuka limeanikwa. Omba ubadilishiwe."

Akaomba. Mwalimu akakataa, akamshauri amwandikie mwenyewe. Akamwandikia, kwa hasira: kaka, nimekukosea nini?

Jibu lilikuja kesho yake, refu kama risala. Alikokulia mwoka mikate, mwanafunzi hafungui mdomo mpaka jibu liive. Kumpa mtu jibu bichi ni kumvunjia heshima. "Wakati naandaa jibu kuhusu mke wangu," aliandika, "wewe umeshafika kwenye mvua."

Mama Povu alicheka mpaka akakalia rundo la taulo. Kisha akaona aibu.

Dawa aliipata mezani pake. Siku hizi akiuliza swali, anakunja foronya tatu kabla ya kuongeza neno. Ya kwanza ndiyo ngumu, ulimi unamwasha kama umemwagiwa upupu. Ya pili, mwoka mikate anakohoa. Ya tatu, anajibu sentensi nzima, imeiva pande zote.

Leo, Jumanne, ni zoezi la mwisho. Mpiga pasi amesogeza sahani yake karibu, anajifanya hatazami. Mama Povu anavuta pumzi aanze salamu, lakini sauti nzito inamtangulia, kwa Kiingereza cha polepole:

"Dada, goti la mama yako linaendeleaje?"

Goti hilo alilitaja mara moja tu, wiki ya kwanza, katikati ya watoto na mvua. Alidhani hakuna aliyesikia.

Anachukua foronya. Anaikunja. Ya pili. Mpiga pasi anaacha kutafuna. Ya tatu.

"Limepata nafuu," anajibu kwa Kiingereza, taratibu. "Sasa anapanda ngazi. Asante, kaka."

"Kumbe kunyamaza unajua!" mpiga pasi anapayuka.

"Wewe kula."

Alhamisi atajifungia stoo ya mablanketi, simu na foronya zake tatu mbele yake. Na Ijumaa?

"Alfajiri nitakuwa mlangoni kwa meneja na cheti changu," anasema, akifungua kamba kwenye ndoo. "Huko sisubiri hata foronya moja."