Mwaka wa Mvua ya Lori

Kwetu kuna njaa inayoitwa Maharagwe. Kwa Kikamba husema Malakwe, na ukilisikia jina hilo mara ya kwanza utadhani watu walikufa kwa kushiba. Ilikuwa njaa ya kweli, ya kuzika watoto, ila kilichowaokoa waliobaki kilikuwa maharagwe, basi jina likaganda hapo. Wageni wakiambiwa hucheka. Wacha wacheke. Sisi hatukuwa na kalenda za kutundika ukutani. Tulikuwa na majina. Mwaka uliowaumiza watu ulipewa jina, mwaka uliowachekesha ulipewa jina, na mara nyingi ulikuwa mwaka huo huo mmoja.

Majina mengine yalijulikana Kitui nzima hadi Makueni. Mengine yalikuwa ya kilima kimoja tu, ukivuka mto hakuna anayejua unasema nini. Mimi nilizaliwa katika mwaka wa aina hiyo ya pili. Kilimani kwetu, upande wa Migwani, waliuita Mwaka wa Mvua ya Lori. Aliyesababisha jina hilo ni mama yangu mzazi, na kwa miaka kumi ya kwanza ya maisha yangu hakuna mtu mzima aliyethubutu kulitamka ndani ya boma letu.

Nieleze kilichotokea, maana nimechoka kusikia watu wakikieleza vibaya.

Kwetu mvua ya kutegemewa ni ile ya mwisho wa mwaka. Ardhi ni kavu na mvua haikai, kwa hiyo ukingoja udongo ulowe ndipo upande, umechelewa. Mbegu lazima iwe ardhini tayari inaingoja. Lakini ukipanda mapema mno, mchwa na kanga wanakula kila kitu. Hapo ndipo unahitaji mtu anayeijua mvua, na mtu huyo kilimani kwetu alikuwa mama yangu. Si mganga, msinielewe vibaya. Alikuwa na macho tu. Alitazama migunga inapotoa majani, akatazama upepo ulivyogeuka, akanusa. Kisha akangoja ishara ya mwisho, ngurumo ya kwanza nyuma ya kilima. Akiisikia, alipanda juu ya mwamba, akapiga vigelegele, na wanawake wa boma zote wakatoka na vibuyu vya mbegu. Hakuna mwanamume aliyempangia. Hata wazee walikuwa wakimtuma mtu kuuliza, "Amesemaje?"

Mwaka ule alikuwa na mimba yangu. Ishara zote zilikuwa zimekamilika, imebaki ngurumo. Alasiri moja akaisikia, ndefu, nzito, ikibingirika nyuma ya kilima. Akapanda mwambani na tumbo lake hilo, akapiga vigelegele. Kilima kizima kikaingia shambani. Wakapanda mtama, mawele, kunde, mbaazi, wakapanda mpaka jua likatua, wakiimba.

Kumbe ni lori. Lori la mwenye duka, la kwanza kabisa kupita barabara ile mpya iliyolimwa nyuma ya kilima, limebeba madebe matupu na linavuka mto mkavu juu ya mawe. Asubuhi yake wachungaji wakaleta habari kwamba wameona nyumba inayotembea, na inanguruma. Ala! Unafikiri watu walicheka? Siku hiyo hawakucheka. Walitazama juu, hakuna wingu. Wiki tatu nzima hakuna wingu. Kanga walishuka shambani wakala kama waliotumiwa mwaliko. Kucheka kulikuja baadaye, mvua ilipopatikana na watu wakapumua, na ndipo jina lilipozaliwa, mwezi mmoja na mimi.

Tangu siku hiyo mama hakupanda tena mwambani. Wanawake walipokuja kuuliza kuhusu mvua aliwaambia, "Kaulizeni lori." Alimjibu kwa ukali hata aliyekuja kwa heshima. Mtoto wa jirani aliwahi kulitaja lile jina akicheza uani kwetu, mama akamtoa mbio na mwiko mkononi mpaka kwao. Nilikua nikijua kwamba nilizaliwa mwaka fulani wa aibu, na kwamba aibu hiyo ni yetu. Sikuipenda. Nilimkasirikia mama kimoyomoyo, wala sioni haya kukiri hivyo sasa.

Nilipofika miaka kumi, ikafunguliwa shule ya misheni mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Baba hakuitaka wala hakuikataa. Alisema msichana ni wa mamake mpaka aposwe. Mama aliitaka. Sijui ilimwingiaje. Alikuwa amemsikia mke wa mwinjilisti akisoma barua ya mumewe sokoni kwa sauti, bila kumwomba mtu yeyote msaada. Kesho yake akanisuka nywele, akaniambia nivae lile shuka jipya, tukaondoka alfajiri.

Shule ilikuwa banda la kuezekwa kwa nyasi na mabenchi ya magogo. Mwalimu alikuwa kijana Mkamba mwenzetu, kaptura nyeupe, miguu mitupu, sauti ya mtu anayetaka aonekane mzee. Mistari ilikuwa miwili, ya wavulana mrefu, ya wasichana mfupi. Kwa wasichana lilikuwa limetengwa benchi moja tu, na mwalimu alikuwa ameagizwa asipokee msichana aliyezidi miaka kumi na mmoja, kwa sababu mwaka uliotangulia walipokea wasichana wakubwa na wote wakaolewa kabla ya kumaliza alfabeti. Alitutangazia hayo waziwazi. Mimi nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote pale. Nilimrithi baba, mtu wa kuinama mlangoni.

Alipofika kwangu alinitazama toka juu mpaka chini, akacheka kidogo. "Mwaitu," akamwambia mama, yaani mama yetu, kwa heshima, "huyu mbona ni bibi harusi?"

"Ni mtoto," mama akasema.

"Weka mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili." Hicho ndicho kilikuwa kipimo chao cha umri. Nikaweka. Mikono yangu ni mirefu kama miguu yangu. Vidole vilipita sikio vikafika shavuni. Watu wakacheka. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Ana miaka kumi na mitatu huyu, au zaidi. Samahani, mwaitu. Anayefuata."

Mama hakusogea. Namjua mama yangu, nilijua hatasogea. "Ana miaka kumi," akasema. "Nimemzaa mimi, si wewe."

Yule kijana alikuwa na subira, nampa sifa yake. Akatoa daftari. Alikuwa amezunguka kwa wazee akiandika majina ya miaka, na kando ya kila jina ameweka hesabu ya Wazungu. "Basi niambie alizaliwa mwaka upi. Niambie jina lake, nilitafute hapa."

Mama akageuka kuwatazama watu wa mstarini, kama anayewahesabu wa kilima chetu.

"Kabla ya nzige," akasema.

"Kabla ya nzige ni kuanzia Adamu. Jina, mwaitu."

"Ule mwaka wa mvua chache."

Mstari mzima ukalipuka kwa kicheko, maana Kitui tumewahi kuona mwaka gani wa mvua nyingi? Mwalimu naye akacheka. Akafunga daftari, akaweka kidole kwenye kurasa kushika mahali pake, akaanza kumwangalia msichana aliyekuwa nyuma yangu. Mimi nikaanza kulia. Nilijua jina. Nilikuwa nalo mdomoni, na nilikuwa nikimwogopa mama kuliko nilivyoitaka shule.

Hapo mama akanishika bega kwa nguvu mpaka nikaumia. Akainua kidevu. Akasema kwa sauti ile ya zamani, sauti ya mwambani ambayo mimi sikuwahi kuisikia maishani mwangu: "Alizaliwa Mwaka wa Mvua ya Lori!"

Kisha wale wa kilima chetu, walikuwa wachache, wakaanza kuguna na kusukumana. Mwalimu akapekua daftari. "Sina mwaka wa namna hiyo."

"Huna kwa sababu hukuniuliza mimi. Andika." Na akamweleza yote, amesimama wima, mbele ya watu asiowajua: mwamba, vigelegele, madebe matupu, kanga. Hakuficha kitu. Alipofika pale wachungaji walipoona nyumba inayonguruma watu walicheka mpaka wakashikana, na yeye akawangoja wamalize, uso mkavu, kisha akaendelea. "Mtu aliyewapandisha mbegu kwa lori ni mimi. Huyu alizaliwa mwezi mmoja baada ya lori. Lori lilianza kupita barabara hiyo lini? Muulize mwenye duka, yeye anaandika kila kitu. Kisha uhesabu."

"Nani atashuhudia?" mwalimu akauliza. Hakuwa akicheka tena.

Wa kwanza kujibu alikuwa jirani yetu, mama wa yule mtoto aliyefukuzwa kwa mwiko. Alikuwa mstarini na msichana wake, nyuma yetu watu wawili, na wote tuliona kwamba benchi lilikuwa linajaa. Angenyamaza tu, nafasi yangu ingekuwa ya bintiye. Yeye na mama walikuwa hawasalimiani vizuri toka siku ya mwiko.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nilipanda mbegu zangu zote siku hiyo, hata za kula. Na huyo mtoto nilimpokea kwa mikono hii, mwezi uliofuata." Kisha akamgeukia mama, amekasirika kabisa. "Lakini wewe mwanamke, mbona unasema nusu? Hiyo nusu nyingine umemwachia nani?"

Mama akasema, "Hayo yaishe."

"Hayaishi. Mwalimu, andika na hii. Mvua ya kweli ilipokuja hakukuwa na mbegu hata nyumba moja. Huyu alikuwa na kibuyu kikubwa cha mbegu juu ya moshi, alichokiweka kwa ajili ya masika. Alizunguka nacho na tumbo lile, nyumba kwa nyumba, konzi mbili kila nyumba, mpaka kikaisha. Kwake akapanda konzi mbili kama sisi. Tulichokula mwaka ule kilitoka kwenye kibuyu hicho. Sisi tukaupa mwaka jina la lori. Kibuyu hatukukitaja, na yeye kwa kiburi chake hakutukumbusha."

Haki ya Mungu, nilikuwa sijui. Miaka kumi nimekula, nimelala na nimepigwa katika nyumba ile, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilimtazama mama kama mtu niliyekutana naye njiani. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama nilivyojivunia mwanamke yule wakati ule, na nimeona mengi tangu hapo, nimefundisha watoto wa watoto, nimepeana mikono na wakubwa. Hakuna kilichofika pale.

Mwalimu akaandika. Aliandika polepole, mstari mzima, katikati ya miaka ile mingine yenye majina ya njaa na nzige. Kisha akaandika jina langu katika kitabu kingine, akanionyesha benchi. Nikaenda nikakaa pembeni kabisa, makalio nusu nje. Binti wa jirani naye akapata, tukasukumana, tukatosha. Jasho lilikuwa linanitoka, sikuwa na habari.

Nilidhani mama angeondoka. Hakuondoka. Alisimama mbele ya yule kijana, mikono kiunoni, akiliangalia daftari.

"Hilo daftari lako," akasema, "linaweza kunihesabu na mimi?"

"Ulizaliwa mwaka upi, mwaitu?"

"Mwisho wa Ngomanisye." Hiyo ni ile njaa kubwa ya wakati wa reli, iliyoenda kila mahali isiache mji, ndiyo maana ya jina lake. "Mama yangu alinizaa wakati watu wameanza kurudi makwao."

Mwalimu akatafuta, akapata, akahesabu kwa vidole na penseli. Mstari wote ukawa unangoja, hata wavulana. "Una miaka thelathini na sita," akasema.

Mama akarudia, "Thelathini na sita." Hakuelewa kwanza, hakuna aliyewahi kumwambia. Alikuwa akijiita mzee kila siku. Alikuwa akitembea kama mzee, akivaa kama mzee, ameacha ngoma, ameacha kucheka barabarani. "Na mwaka wa lori? Nilikuwa na mingapi?"

Mwalimu hakuhitaji hata kuhesabu. "Ishirini na sita, mwaitu."

Jirani akamsogelea akamshika mkono, na mama hakuutoa. Kisha mama akatugeukia sisi wote, waliomjua na wasiomjua, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Msichana mdogo hivyo," akasema, "na kilima kizima kilinisikiliza."