Mbegu Niliyoipika

Wajukuu wangu wakisikia redioni habari za mbegu za kisasa hunieleza polepole, kama mtu asiyejua kitu. Nilisoma miaka miwili tu kwa masista, ni kweli. Lakini mahindi niliyaozesha, dume kwa jike, kwa mikono hii.

Ilikuwa kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa kule milimani Kingi, na kila asubuhi niliteremka kwenye shamba la majaribio la agronome, yaani bwana shamba, Mzungu mmoja mrefu. Kazi yetu wanawake ilikuwa kuvika mahindi karatasi. Kabla hindi halijatoa ndevu, unalivalisha mfuko. Ua la juu nalo unalivalisha. Kisha unakung'uta unga wa njano wa ua hilo na kuumwaga kwenye ndevu za mmea uleule, si za jirani yake, halafu unafunga tena. Shingo inauma, unga unaingia puani, mvua inalowesha karatasi, na kapita, msimamizi wetu, anakuambia uanze upya.

Msimu baada ya msimu mahindi yale yalizidi kudhoofika. Mwishowe mengine hayakunifika kiunoni. Nilimweleza mama mkwe wangu.

"Munaozesha kaka na dada yake," akasema. "Mulitaka bazae nini?"

Nilitaka kulala tu.

Halafu agronome akatupandisha aina mbili za vibete vile, mstari huu aina hii, mstari ule aina nyingine. Aina moja tuliing'oa maua yote ya juu, ipate unga wa wageni peke yake. Mbegu iliyotoka hapo alitugawia, kila mmoja kopo lake.

Nikaipanda nyumbani. Mahindi yote yakatoka kimo kimoja, kila hindi usawa wa kifua changu, kama limepimwa kwa kamba. Watu walipanda kilima kuja kutazama. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekwenda kumuuguza kaka yake. Mbegu yake ilining'inia juu ya moto, mahindi mekundu na meupe, yote meusi kwa moshi. Alikuwa ameipata kwa mama yake. Watu walipokuja kunisaidia kuvuna, niliishusha, nikaitwanga, nikawapikia ugali. Mahali pake nikatundika mahindi yangu mazuri kuliko yote, yawe mbegu.

Aliporudi aliinua macho darini, akayaona mahindi yangu.

"Umemukula mama yangu," akasema, akatoka nje.

Msimu uliofuata nilipanda mbegu yangu ile. Ikatoka kama ukoo wa walevi: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu hana hata hindi moja. Nikamwendea agronome.

"Hiyo haipandwi mara ya pili, mama," akasema. "Kila mwaka unakuja kuchukua mpya kwangu. Nilimwambia kapita awaeleze."

Kapita alikuwa akitazama viatu vyake.

Tulikula viazi mpaka tukavichukia. Siku moja mama mkwe akaniambia, "Ile mbegu iko kwa binti yangu, kule Kibua. Nilimupa siku aliolewa. Utaenda kuiomba, weye mwenyewe."

Nilitembea msituni siku nyingi, nikafika kwa wifi yangu miguu imevimba. Hakuniambia nikae.

"Mufanyakazi wa Muzungu anakuja kuomba mahindi ya maskini?"

"Ndiyo, dada. Nimekuja kuomba."

"Yenu ilienda wapi?"

"Niliipika."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa na moshi."

Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akashusha mahindi matatu, akayafunga katika jani la ndizi.

Nyumbani mama mkwe alitaka kuyapanda mahali pa siku zote. Nikakataa. Jirani na pale nilikuwa nimeotesha masalio ya ile mbegu mbovu, kwa sababu ya njaa, na nilijua upepo ungeleta unga wake. Naye akakataa kuhama.

"Basi ile mbovu nitaing'oa maua," nikasema.

Kila asubuhi nilipita mistari yote ya ile mbegu mbovu kabla ya kwenda kazini, nikakata kila ua la juu kabla halijafunguka. Yeye alikaa ukingoni na kiko chake, akinitazama nikiinama na kuinuka.

"Kumbe balikufundisha kitu," akasema siku moja.

"Kidogo, mama."

Tulipovuna, mahindi yake yalikuwa mekundu na meupe kama zamani. Alichagua ya mbegu, akayatundika kwake. Moja akanipa mkononi.

"Hii iko yako. Ukiipika tena, utaenda Kibua na hautarudi."

Nililifunga juu ya moto wangu kwa kamba mbili. Kisha nikalala mchana kweupe, na hakuna aliyeniamsha.